Kipimo cha ubongo, Leipzig na Ngamiani

Kila wiki, hapa Leipzig, Ujerumani, napokea ujumbe wa namna moja kutoka nyumbani: "Kaka, shikamoo. Nimesikia huko Ujerumani wanasomesha watu vipimo vya ubongo na wanawalipa. Nifanyie mpango." Namjibu kila mmoja, maana na mimi niliwahi kumwandikia mtu nisiyemjua ujumbe kama huo, nimekaa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, simu inakaribia kuzima. Ila majibu yangu si yale ya miaka mitano iliyopita, na leo nataka nieleze kwa nini.

Nafasi ipo, sifichi. Hapa kuna mafunzo ya miaka 3 ambayo Wajerumani huyaita Funktionsdiagnostik: unasomea kupima ubongo na neva, moyo, masikio na mapafu, kisha unafanya mtihani wa serikali. Mimi niliyasoma nikilala saa nne kwa siku, kwa sababu usiku nilikuwa nahudumia wazee ili nilipe chumba. Tangu Januari 2023 sheria mpya inataka mwanafunzi wa fani hii alipwe kila mwezi katika muda wote wa mafunzo. Kinachowakwamisha wengi ni lugha. Kijerumani cha kuombea maji hakitoshi kumtuliza mgonjwa aliyeogopa nyaya kichwani.

Kipimo cha ubongo, kwa kifupi EEG, kinachora umeme wa ubongo kupitia elektrodi, vidude vidogo vinavyobandikwa kichwani, na kazi ya kuvipanga inaanza na futi ya fundi cherehani. Unapima kutoka kibonde cha pua, pale katikati ya macho, unapita juu ya utosi mpaka kinundu cha kisogoni. Tuseme umepata sentimita 36. Alama ya kwanza unaiweka sentimita 3.6 kutoka mwanzo, yaani asilimia 10. Zinazofuata zinaachana kwa asilimia 20, yaani sentimita 7.2, mpaka ile asilimia 10 ya mwisho. Ndipo unapima kutoka sikio hadi sikio, halafu kuzunguka kichwa. Sehemu za upande wa kushoto zina namba witiri, za kulia namba shufwa. Mpangilio huo ulichapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958, na kwa ajili yake mtoto aliyepimwa Tanga Jumatatu anaweza kusomewa majibu na daktari wa Cairo Jumanne, bila hata mmoja kumwona mwenzake. Lakini ukikosea kwa upana wa kidole, upande mmoja wa kichwa haulingani na wa pili, na msomaji anaweza kuona ugonjwa usiokuwepo.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kijerumani aliyebakiza miaka michache astaafu. Alinisimamia miezi sita. Nikiweka alama, naye anaipima tena kwa futi yake, na ikiwa imehama milimita tano ananifutisha. Sikumpenda siku zile. Leo najua kwamba yeye ndiye aliyenipa kazi, cheti kilikuja baadaye tu.

Sasa sikilizeni jambo moja. Alikuja mama wa Kieritrea na binti yake wa miaka 7, kichwa kimesukwa twende kilioni, mistari myembamba imelala kwenda kisogoni. Wenzangu wakamwambia akamfumue, arudi wiki ijayo. Yule mama alinyamaza. Kusuka vile ni kazi ya nusu siku. Nikaomba niachiwe mimi. Nimekua na dada wanne waliokuwa wakisukana barazani kila Ijumaa jioni, mimi nikiwashikia kitana na mafuta. Najua ngozi ya kichwa inapatikana wapi baina ya msuko na msuko. Nikapita na pamba na dawa ya kusugulia, mstari kwa mstari, na elektrodi zote 21 zikakaa bila kufumua unywele hata mmoja.

Baadaye nikasoma kwamba huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Arnelle Etienne na wenzake wamebuni vibanio vinavyokamata misuko ili elektrodi ikae sawasawa kwenye nywele kama zetu. Kipimo hiki kilirekodiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, na Hans Berger, mjini Jena, saa moja na kitu kwa treni kutoka ninapoishi. Karibu miaka 100 ilipita ndipo mtu akakaa na kufikiria kichwa kilichosukwa. Msusi yeyote wa Ngamiani angelisema siku ya kwanza, kama angekuwa chumbani.

Yule binti tulimpa kititia cha karatasi akipulize dakika tatu, maana kupumua kwa nguvu huamsha aina fulani ya kifafa. Dakika ya pili akaacha. Macho wazi, mdomo umebaki umechongoka, kititia kinajizungushia chenyewe mpaka kikasimama. Kwenye skrini mawimbi yakapanda yote kwa pamoja, ncha na nundu, ncha na nundu, matatu kila sekunde. Zikapita sekunde nane. Kisha akaendelea kupuliza kama vile hakuna kilichotokea. Hicho kilikuwa kifafa.

Machozi yalinilenga, kwa sababu hali hiyo nilishaiona nyumbani. Binti wa shangazi yangu alikuwa akikatika hivyo hivyo darasani, na mwalimu akamchapa kwa kuota mchana. Bibi akasema ni maruhani. Akafukizwa ubani, akanyweshwa kombe, akapelekwa kwa mganga ng'ambo ya Pangani. Siwalaumu, kila mmoja alimpenda kwa alichokijua. Baadaye akaanza na kuanguka kabisa. Ilipita miaka mitano ndipo mjomba alipompandisha basi la alfajiri kwenda Muhimbili, kilomita 350 hivi, akapimwa, akapewa vidonge. Leo ana watoto wawili na anauza chapati na supu asubuhi. Miaka mitano ile hakuna wa kumrudishia, na shule aliiacha.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mimi nafanya kazi katika idara yenye mashine nne, na kuna mchana ambao mbili zinakaa bure.

Likizo moja nilizuru hospitali ya huko kwetu, jina nitaliacha. Nikaonyeshwa mashine ya EEG, nzuri, karibu sawa na yetu ya hapa, imefunikwa khanga vizuri kama maiti. Aliyesomeshwa nje kwa ajili yake alihamishiwa kazi nyingine. Aliposafiri masomoni alisafiri peke yake, na aliporudi hakukuwa na wa pili wa kumrithisha. Dawa ya kubandikia ilikwisha, hakuna aliyejua iagizwe wapi. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo haijaisha mpaka leo.

Ndiyo maana kijana akiniandikia sasa, simwelekezi Leipzig kwanza. Namuuliza: uko hospitali? Una mwenzako? Nendeni wawili. Shirikisho la Dunia la Neurolojia, yaani tiba ya ubongo na neva, linavyo vituo vya kufundishia madaktari barani Afrika: Rabat na Dakar kwa Kifaransa, Cairo na Cape Town kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kozi ya kusoma EEG kwa mtandao. Shirika la Kimataifa la Kupambana na Kifafa, lililoanzishwa Budapest mwaka 1909, nalo lina masomo ya mtandaoni, na kozi ambayo mwanafunzi anasoma mawimbi huku mwalimu akimsahihisha kwa mbali. Kusoma mawimbi kunafundishika namna hiyo. Mikono haifundishiki hivyo, lazima asimame mtu pembeni yako na futi yake, na mtu huyo anapatikana Cape Town kama anavyopatikana Ujerumani. Tena huko utapima watoto waliosukwa, watoto wenye homa ya ubongo, wagonjwa wanaofanana na wale utakaowakuta ukirudi.

Kuna kingine ambacho Ulaya hawanacho, na sikukijua mpaka nilipoondoka. EEG peke yake haitangazi kifafa. Ikitoka safi, mgonjwa bado anaweza kuwa nacho. Daktari anategemea sana maelezo ya aliyeshuhudia: alianza mkono gani, macho yalitazama wapi, alichukua muda gani, alijikojolea? Hapa mgonjwa anakuja peke yake kwa tramu. Anaishi peke yake, ameanguka peke yake, ameamka sakafuni akiwa ameuma ulimi. Hakuna aliyeona. Ngamiani ukianguka wamekuona watu kumi, na mmoja ana video kwenye simu. Ushahidi huo ni mali, na tunaupoteza kwa sababu hatujawafundisha watu wa kuukusanya.

Mtaniuliza, mbona wewe hurudi? Swali ni la haki. Mama anahitaji dawa za presha kila mwezi, na mdogo wangu yuko chuoni. Nilipouliza ajira ya fani hii kwetu niliambiwa cheo hicho hakimo kwenye muundo wa hospitali ile, labda niombe kama mtu wa maabara. Hapa nalipwa kwa wakati, naheshimiwa, saa kumi jioni nimetoka. Idd nakula peke yangu mchele wa pakiti, na baridi ya Januari inaingia mpaka kwenye meno. Navumilia. Lakini sitaki kila mwenye mikono mizuri Tanga aje kuvumilia kama mimi, wakati nafasi yake kule haijajazwa na mtu.

Jumapili mchana, kwa video, namfundisha tabibu mmoja dada wa Tanga na muuguzi mwenzake. Mashine hawana bado. Wana futi, penseli ya nyusi na mtoto wa miaka 5 wa yule tabibu, ambaye hulipwa kashata kwa kutulia. Juzi walinitumia picha ya kichwa chake na alama zote. Kutoka pua hadi kisogo ni sentimita 34, kwa hiyo ile ya utosini ilitakiwa iwe 17 kamili. Nikaikuza picha, nikaona imekaa 17 na nusu.

"Dada, futeni hiyo ya katikati," nikamwambia.

"Kaka, nusu sentimita tu?"

"Futeni."

Nikasikia mtoto akilalamika anataka kashata ya pili, na muuguzi akisema, "Tulia baba, tunaanza tena puani."