Karatasi ya Mahudhurio Haimleti Mtu Darasani

Kila muhula sisi walimu wa biashara hapa Tanga tunarudia wimbo uleule: wanafunzi hawaji darasani. Na dawa yetu ni ileile, karatasi ya kusaini. Karatasi hiyo naijua. Majina yanajaa mpaka upande wa nyuma huku viti viko wazi, na sahihi sita zinafuatana kwa wino mmoja wa kijani na mwandiko mmoja ulioinamia kushoto. Tunawazoesha kughushi watu ambao kesho tunataka wakabidhiwe hesabu za watu.

Wasiokuja wengi wao si wavivu. Mmoja yuko dukani Ngamiani, mwingine kapata kibarua kwa wakala wa forodha. Chuoni wamefuata ajira, na hesabu yao haina kosa: slaidi zitarushwa kwenye kundi la WhatsApp jioni, desa (vile vidokezo vya somo vinavyorithishwa) lipo, mtihani unafanana na wa mwaka jana. Apande daladala aje kunisikiliza nikimsomea slaidi, kwani yeye hajui kusoma?

Wapo wanaodhani kuwatajia ajira kutawaamsha: bandari imepanuliwa, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia Chongoleani hapa Tanga, jiandaeni, fursa hizo! (Neno fursa limechoka, nalo lipumzishwe.) Kijana ambaye kaka yake ana shahada na anaendesha bodaboda hashtuliwi na hotuba.

Nilichoona kikiwaleta ni kazi yenyewe kuwekwa mezani, hasa ikiwagusa mfukoni. Siku moja niliacha slaidi nikaandika ubaoni: umeajiriwa, mshahara wa msingi 600,000, unapokea ngapi mkononi? Wengi walisema laki sita. Mjanja mmoja akasema laki tano na nusu. Tukakokotoa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10%, yaani 60,000. Kodi inapigwa kwenye 540,000 zilizobaki: 270,000 za kwanza hazikatwi, 250,000 zinazofuata zinakatwa 8%, na 20,000 za mwisho 20%. Jumla 24,000. Kisha Bodi ya Mikopo kwa waliosoma kwa mkopo, 15% ya mshahara wa msingi, 90,000. Zimebaki 426,000.

Darasa zima likapiga kelele. Kwa nini NSSF inatangulia kodi, na Bodi haitangulii? Mwajiri naye anachangia nini? Nadharia niliyokuwa nikiwalazimisha kuimeza, safari hii waliidai wenyewe. Na ubishi ule haumo kwenye desa lolote.

Mwenzangu mmoja ananiambia hiyo ni kazi ya karani, chuo ni mahali pa kufikiri. Sawa, lakini kufikiri juu ya nini? Kusoma slaidi kwa sauti si kufikiri pia.

Ningependa alama tunazogawa kwa kusaini zihamie kwenye kazi inayofanywa papo hapo, vikundi vidogo, mbele ya makaratasi halisi: ankara, risiti ya EFD (mashine ya kodi ya dukani), hati ya mzigo iliyofichwa majina. Darasa la watu mia tatu litasumbua, najua, na usahihishaji utatutoa jasho. Na yule wa kwa wakala wa forodha apangiwe kipindi cha jioni. Wanafunzi niliowauliza wanakitaka sana. Wanaokikataa ni sisi walimu.