Shemegi na Urojo wa Mafungu

Shemegi yangu wa Wete hali vitu vilivyogusana. Wali ataumaliza mkavu kwanza, kisha samaki, kisha mchuzi ataunywa na bakuli lake. Mchicha ukiteleza ukaugusa wali, upande ule wote wa sahani hautazamwi tena. Mtu mzima huyu, ana ndevu na watoto watatu. Pilau hataki hata kuinusa, maana nyama, viazi na bizari vimelala sufuria moja tangu mwanzo. Biriani anaila, tena na hoja anayo: ya kwetu wali hupikwa mbali na masala mbali, vikaja kukutana kwenye sahani. Yeye anachozuia ni hicho kikao cha mwisho tu.

Nikamuuliza, "Na tumboni je, yakhe?"

Akanijibu, "Kule kiza, havionani."

Basi mwezi wa Ramadhani akaja kufuturu kwetu Kikwajuni, na mke wangu siku hiyo kapika urojo. Sasa hapo pana kazi, kwa sababu hakuna chakula cha kugusana kuliko urojo. Unga wa ngano, vijiko vinne vya chakula kwa lita moja na nusu ya maji, huvurugwa kwanza na maji ya baridi. Ukiutia kwenye maji ya moto utapata madonge ya kuwachezesha watoto. Manjano nusu kijiko cha chai, embe mbichi zilizochemshwa zikapondwa, chumvi, kisha unakoroga bila kuacha mpaka harufu ya unga iondoke. Ndimu baada ya kuepua. Na uuache mwepesi, maana ukipoa unakaza wenyewe. Humo ndimo vinamozama viazi, bajia za dengu, kachori, mishkaki na yai, juu chatne ya nazi na pilipili, na mwisho kabisa chipsi za muhogo, kwa kuwa zikitangulia zinalegea kama karatasi iliyonyeshewa.

Hakuna hata kimoja humo kilichotengenezwa kiliwe peke yake. Urojo mtupu ni mkali kwa embe. Kachori tupu inakaba. Pilipili ndiyo usiseme: pilipili mbuzi mbivu zimesagwa na kitunguu thomu, chumvi, ndimu na karoti moja ya kuipa uzito, na kipimo chake ni kijiko kimoja cha chai kwa bakuli zima, tena kwa mtu jasiri.

Shemegi akaomba cha kwake kitengwe. Mie niliona upuuzi, lakini mbele ya mama mkwe nikanyamaza. Mwenyewe mama akasema, "Mtengeeni, ndivyo alivyo tangu mdogo." Mke wangu, ambaye akiambiwa kila kitu mbali basi ni kila kitu, akapanga mabakuli tisa. Sisi wengine tukala urojo kwenye vikombe vya chai. Mwanangu mdogo akayahesabu, akauliza, "Mjomba anafuturu na nani?"

Shemegi akala tende, tukasali Magharibi, tukarudi mkekani. Kufika hapo urojo wake ulishashika utando juu, ndiyo tabia ya unga ukipoa. Akauinua ule utando kwa ncha ya kijiko, taratibu, akawa anatazama huku na huku pa kuuweka. Akaomba bakuli la kumi.

Viazi vikaenda salama, mishkaki ikaenda. Kisha akavuta bakuli lenye kitu cha rangi ya machungwa, kizito, kinang'aa. Karoti ile. Naapa hata mie ningesema chatne ya embe. Akachota kijiko cha chakula, kimefura, akakitia chote kinywani na kufunga mdomo.

Masikio ndiyo yaliyoanza. Yakawa mekundu, kisha jasho likapanga mstari juu ya mdomo, kisha machozi, yote hayo bila sauti. Akanyanyua gilasi ya maji akaimaliza, na hapo ndipo sauti ilipotoka. Maji hayasaidii, ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, huzungushwa tu ukafika pale ulipokuwa haujafika. Dawa yake maziwa, au kitu chochote cha mafuta. Maziwa tuliyamaliza daku, na mwenye duka naye anafuturu.

"Mpeni tui!" mama mkwe akapiga kelele.

Tui lililokuwapo lilikuwa ndani ya muhogo wa nazi, na changu wake, nyanya zake na vitunguu vyake. Mama akachota upawa mzima pale juu palipo zito. Shemegi akautazama, machozi yanamchuruzika.

"Mna samaki humu."

"Meza!"

Akameza. Akaongezwa upawa wa pili, ukaja na kipande cha muhogo, akameza nacho. Wa tatu hakusubiri kuambiwa, aliuvuta mwenyewe kutoka mkononi mwa mama. Tukakaa tunamtazama mpaka masikio yakarudi rangi.

Akapangusa uso kwa kanzu, akamgeukia dada yake. "Huyu samaki alitiwa pamoja na muhogo?"

"Hapana, samaki hutiwa mwisho, muhogo ukishaiva. Ukimtia mapema anavurugika."

Shemegi akalifikiri jambo hilo kwa makini. Kisha akakitwaa kikombe cha mwanangu, akakinyoosha kwa mama.

"Basi hawajazoeana. Nitieni tena."