Je, kuondoka kwa Chaplin ndiko kulikoiua Essanay?

Wapenzi wa sinema bubu wanapoizungumzia Essanay, kampuni ya filamu ya Chicago, hukimbilia kisa kilekile: ilikuwa na Charlie Chaplin mkononi, ikamwachia kwa ubahili, ikafa. Kisa hicho si cha kupuuzwa. Kampuni ilianzishwa 1907 na George Spoor, mfanyabiashara, pamoja na Gilbert Anderson, nyota wa filamu za makauboi aliyejulikana kama Broncho Billy. Mwishoni mwa 1914 Anderson ndiye aliyemvuta Chaplin kwa dola 1,250 kwa wiki na bonasi ya dola 10,000. Spoor aliona hizo ni pesa za kutupa, akaichelewesha bonasi. Mwaka uliofuata mchekeshaji huyo akawa gumzo la dunia, na mwanzoni mwa 1916 Mutual, kampuni pinzani ya filamu, wakamchukua kwa dola 10,000 kwa wiki, mbali na 150,000 za kutia saini.

Kilichofuata kilikuwa aibu. Essanay iliirefusha maradufu filamu ya Chaplin ya Carmen kwa vipande ambavyo mwenyewe alivitupa. Chaplin akashtaki, akashindwa. Essanay ikamleta mchekeshaji Max Linder kutoka Ufaransa, naye akatengeneza filamu 3, akaugua, akarudi kwao. Anderson aliuza hisa zake. Kufikia 1918 uzalishaji ulikuwa umekwisha.

Lakini tazama majirani zake. Tangu mwisho wa 1908 Essanay ilikuwa ndani ya umoja wa kampuni zilizoshikilia hataza (haki za uvumbuzi) za kamera na projekta, chini ya mwamvuli wa kampuni ya Edison. Soko lilikuwa la uhakika: toa filamu fupi kila wiki, majumba ya sinema yatazichukua. Oktoba 1915 mahakama ikaamua kwamba umoja huo ulikiuka sheria ya ushindani, na watazamaji tayari walikuwa wakidai filamu ndefu. Kati ya wanachama wenzake, Lubin ilifunga 1916, Kalem ikauzwa 1917, Edison ikaachana na sinema 1918. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyompoteza Chaplin. Mutual yenyewe, iliyompata, haikudumu.

Kwa hiyo siamini kwamba bonasi ile ndiyo iliyoiua kampuni. Chaplin aliificha homa ya kampuni kwa mwaka mmoja wa mapato mazuri. Lawama ya Spoor naiona hapo: fedha za 1915 zilimpa nafasi ya kuhamia filamu ndefu mapema. Alizijaribu, Sherlock Holmes ya 1916 ikiwa mojawapo, ila wapinzani wake wa California walikuwa wameshatangulia.