Bahati gani?

Makala nzuri, ila pale mwandishi anapomwita Don Hertzfeldt, mtengenezaji wa filamu za katuni wa Marekani, mtu wa bahati, hapana. Jamaa alichora filamu yake fupi "Rejected" (2000) kwa mkono, akaipiga picha moja moja kwa kamera kuukuu ya milimita 35. Wasioijua kazi hii wapige hesabu: kwa michoro 12 kwa sekunde, dakika 5 ni michoro 3,600!

"Rejected" ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na kazi za matangazo ya biashara akazikataa (filamu yenyewe inayakejeli matangazo hayo hayo). Hapo ndipo pa kujadili, vijana wa katuni, kabla hamjasaini mikataba: filamu zimebaki mali yake, ndiyo maana "World of Tomorrow" (2015) aliweza kuiuza mwenyewe mtandaoni. Humo sauti ya mhusika mtoto, Emily, ni ya mpwa wake aliyekuwa na miaka 4. Mtoto wa umri huo haelekezeki, basi akamrekodi akicheza na kuchora, hadithi akaijenga juu ya maneno yake. Raha tupu.

Mhariri, tuleteeni na makala ya Bill Plympton, mchora katuni mwingine wa Marekani. Yeye matangazo aliyachukua, pesa akaitia kwenye filamu zake mwenyewe.