Vicente Guerrero: jemadari hodari, rais wa mashaka

Vicente Guerrero namheshimu zaidi akiwa msituni kuliko akiwa ikulu. Najua kauli hii itawaudhi wanaomuenzi kama rais wa Mexico aliyefuta utumwa, na ni kweli aliufuta. Lakini sifa hiyo moja imefunika mengi.

Alizaliwa mwaka 1782 huko Tixtla, kusini mwa nchi, katika ukoo wenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili. Ujanani alisafirisha mizigo kwa nyumbu, na nadhani hicho ndicho kilikuwa chuo chake cha kijeshi, maana milima ile aliijua njia kwa njia. Vita vya uhuru vilipoanza 1810 alijiunga na jeshi la padri José María Morelos. Morelos alipouawa mwaka 1815, wapiganaji wengi walikubali msamaha wa Wahispania. Guerrero akabaki milimani. Inasimuliwa kwamba baba yake mzazi alitumwa kumsihi asalimu amri, naye akajibu kuwa nchi kwanza. Mwaka 1821 akakubali kuungana na Agustín de Iturbide, kamanda aliyekuwa ametumwa kummaliza, na uhuru ukapatikana mwaka huohuo. Kumeza chuki namna hiyo baada ya miaka kumi ya vita si jambo dogo.

Kisha likaja suala la urais. Mwaka 1828 waliopiga kura ni mabunge ya majimbo, na Manuel Gómez Pedraza akashinda, 11 kwa 9. Wafuasi wa Guerrero wakashika silaha jijini Mexico, soko la Parián likaporwa, mshindi akakimbia, na Bunge likamtangaza Guerrero kuwa rais. Watetezi wake husema wakubwa wa mjini walimdharau kwa rangi yake na kwa elimu yake ndogo. Dharau ilikuwepo, sibishi. Ila kudharauliwa hakukumpa haki ya kuchukua kiti ambacho hakukishinda, na majenerali wengine walikuwa wanatazama.

Aliapishwa Aprili 1829. Septemba 15 akatoa amri ya kufuta utumwa, wakati Uingereza ilikuwa bado haijapitisha sheria yake ya 1833. Walowezi wa Texas, iliyokuwa bado sehemu ya Mexico, waliotoka Marekani wakiwa na watumwa wao, wakapiga kelele, naye Desemba akakubali amri ile isiwaguse. Hili waandishi wengi wa wasifu wake hulipita haraka.

Mwezi huohuo makamu wake, Anastasio Bustamante, akamwasi kwa madai ya kurudisha katiba na sheria. Guerrero akarudi kusini kupigana, na Bunge likamtangaza kuwa hana uwezo wa kutawala. Januari 1831, bandarini Acapulco, nahodha Francesco Picaluga, Mwitalia wa Genoa, alimkaribisha chakula melini, kisha aking'oa nanga akamfanya mateka. Bei inayotajwa kuwa alilipwa na serikali ya Bustamante ni peso 50,000. Guerrero alishushwa Huatulco mikononi mwa askari, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi Oaxaca, akapigwa risasi Cuilapan Februari 14.

Lawama zangu zote kwa Guerrero hazipunguzi ubaya wa serikali ile. Gómez Pedraza aliporwa ushindi, lakini alibaki hai na baadaye alipata urais. Guerrero aliuzwa na mwenyeji wake mezani, na walionunua ndio hao waliokuwa wakihubiri utawala wa sheria.