Kosa la barua adhabu yake si risasi

Kuna mwandishi ameandika kwamba waandamanaji wasio na kibali wasilalamike wakipigwa mabomu ya machozi. Ndugu yangu, hapo umeteleza. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi ya Tanzania kinataka OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, apewe taarifa kwa barua saa 48 kabla, siyo aombwe kibali. Akiona amani itavunjika ndipo anazuia. Na aliyekaidi zuio apelekwe mahakamani, asihukumiwe barabarani.

Halafu bomu la machozi halichagui. Lirushe hapa Nyerere Square uone: kwa upepo wetu huu wa Dodoma, moshi unawafuata mama lishe na bodaboda ambao hata hawajui wale wanadai nini. Risasi ndiyo usiseme. Februari 2018 kule Kinondoni mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) aliuawa akiwa ndani ya daladala, wala hakuwa kwenye maandamano.

Sikatai, anayerusha mawe au kuchoma kituo cha polisi hajaandamana kwa amani. Akamatwe yeye, siyo mtaa mzima. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu polisi kutumia nguvu na silaha zinaruhusu risasi pale tu mtu anapokabiliwa na kifo au majeraha makubwa. Sasa kijana aliyeshika bango anamtishia nani?