Aina isiyotajwa na kompaila inayonyamaza

Waandaaji programu wengi ninaokutana nao hapa Dodoma huizima noImplicitAny katika TypeScript, lugha inayoiongezea JavaScript aina za data kama namba na maandishi. Huo ni mpangilio unaokataza aina kuachwa bila kujulikana, nao huuzima kwa maelezo kwamba unawalazimisha kuandika aina kila mahali. Haufanyi hivyo. Ukiandika const kilo = 120, kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo, inatambua yenyewe kuwa hiyo ni namba, na ukiipitia orodha ya mizigo kwa map, amri inayoshughulikia kila kipengele cha orodha, aina ya kila mzigo inatokana na orodha hiyo. Inachodai kitajwe ni kile isichoweza kukibaini, hasa vigezo vya fanksheni, yaani thamani ambazo fanksheni hupokea.

Mpangilio huo ukizimwa, kigezo kisicho na aina hupewa any, aina inayokubali thamani yoyote, na ukaguzi wake unakoma bila onyo. Tuchukue programu ya kupokelea zabibu za wakulima wa Hombolo, ambamo kilo zinasomwa kwenye kisanduku cha fomu na hivyo kufika zikiwa maandishi, "120". Zikizidishwa kwa bei ya 1500, JavaScript inayageuza maandishi kuwa namba na kutoa 180000, jibu sahihi kabisa. Lakini mzigo wa pili wa kilo 30 ukijumlishwa, alama ya kujumlisha inaunganisha maandishi, na mkulima aliyeleta kilo 150 anaandikiwa 12030, yaani tani kumi na mbili. Kinachonitia hofu zaidi ni kule kuzidisha, kwa sababu tani kumi na mbili mtu yeyote pale mizanini atazishtukia, ilhali jibu lililopatikana kwa bahati hupita majaribio yote. Kigezo kingeandikwa kilo: number, kompaila ingeyakataa maandishi hayo kabla programu haijamfikia karani.

Upande wa pili una hoja. Tangu mwaka 2012 TypeScript imeruhusu msimbo wa JavaScript uhamishwe kidogo kidogo, na anayewasha mpangilio huu katika mradi mkubwa wa zamani anaweza kukabiliwa na mamia ya makosa kwa mpigo. Akibanwa na muda, ataandika any kila penye kosa. Hata hivyo any iliyoandikwa inatafutika kwenye mafaili. Ile ya kimyakimya haina herufi za kutafuta. Anayehama anaweza pia kuwasha strict, mpangilio unaowasha kwa pamoja ukaguzi mkali, ukiwemo huu, na uliokuja na toleo la 2.3 mwaka 2017, huku noImplicitAny ikibaki false kwa muda.

Data zilizopitia JSON.parse, amri inayogeuza maandishi ya JSON kuwa data, kwa upande wake, hubeba any hata mpangilio ukiwa umewashwa, na hizo bado nazikagua kwa mkono.